Riwaya Tatu na Shingo ya Saumu

Bi Mwanakombo, shikamoo.

Najua hakuna marahaba itakayorudi. Hata ungekuwa hai barua hii usingeisoma mwenyewe, maana Kiswahili ulikisoma kwa herufi za Kiarabu tu, na hizi za Kizungu ulikuwa ukiziita makucha ya kuku. Mimi mwanafunzi wako Riziki ndiye niliyekuwa macho yako kwenye vitabu. Basi leo nakusomea tena, ila safari hii sikusomei kwa raha. Nina hasira nawe, na nimechoka kuionea haya.

Nianze na habari za mji, kwa adabu. Uhuru umekuja. Bendera nyekundu ya Sultani imeshushwa, nyingine imepandishwa, na vijana wa Changamwe waliimba hadi sauti zikawakauka. Kaka yangu Bakari amepewa kiti cha Mzungu aliyerudi kwao pale ofisini kwake relini, na anakikalia kwa uangalifu kama kuku aliyeatamia mayai ya bata. Hapa Jomvu Kuu wazee wangali wanabishana barazani kama Mwambao ungelijitenga na bara ingelikuwa heri au shari. Mkunazi ulio nyuma ya nyumba yako umezaa sana. Majani yake siyachumi tena kwa kazi, kwa sababu siitwi tena kuosha maiti. Nitakueleza kwa nini.

Bakari bado ananiletea vitabu kutoka mjini. Vimetoka vipya vitatu, vyote vya mauaji na vitisho, kama ulivyopenda. Watu hawakuelewa kamwe mapenzi yako hayo. Mwosha maiti wa mji mzima, mwanamke anayeitwa kila nyumba iliyofiwa na mwanamke, anapopata alasiri ya kupumzika huketi mkekani na ukili wake wa kusuka akasomewa habari za watu waliochinjwa. Alipokuuliza jirani, ulimjibu bila kuinua kichwa: "Hawa wa kitabuni siwaoshi miye."

Cha kwanza kina jalada jekundu lenye picha ya kisu. Tajiri mmoja anakutwa amekufa chumbani mwake, mlango umekomewa kwa ndani. Anakuja mpelelezi mwenye koti refu, katika joto letu hili, anaokota kifungo cha shati, ananusa kikombe, na mwisho anawakusanya watu wote sebuleni awaeleze nani aliyeua. Nao wanakaa kimya wanamsikiliza, na muuaji naye amekaa, anangoja zamu yake ya kutajwa. Mimi nimeishi Jomvu Kuu maisha yangu yote na sijaona sebule iliyojaa watu ikanyamaza hata kwa dua. Lakini si hilo lililonikera. Tajiri yule amekufa mwanzo wa kitabu, na hadi kitabu kinakwisha hakuna aliyechota maji. Hakuna aliyemfumba macho wala aliyemfunga taya. Nilikirudia nikitafuta alipozikwa nisipapate. Mwandishi amemwacha pale sakafuni, akaenda zake na mpelelezi wake. Ungelikuwapo ungeliniuliza, "Na huyu aliyeandika, kwao hawafi?"

Na muuaji ungemjua mapema. Hilo lilikuwa likinishinda kabisa. Sijafika hata katikati ya kitabu, wewe umeshaweka ukili chini: "Ni yule nduguye. Mtizame, yuwalia na huku mato yake yako mlangoni." Ulinifundisha kuwa anayelia kweli hajui mlango uko upande gani. Nikisoma hadi mwisho, ni yule yule uliyemtaja. Nilikuwa nikikuona una akili kuliko wapelelezi wote wenye makoti.

Basi nambie, Bi Mwanakombo. Siku ile ya msiba wa Saumu, Twahiri alikuwa akitazama wapi?

Nalieleza lote hapa ingawa ulikuwapo, maana limekaa kifuani mwangu bila kusemwa kwa mpango, na jambo lisilosemwa kwa mpango huanza kufanana na ndoto. Saumu alikuwa mke wa Twahiri mwenye duka karibu na msikiti. Binti wa Vanga, hana ndugu huku kwetu. Tulipoitwa asubuhi tulikuta kitanda cha kamba kiko uani, mfuo wa kupokea maji umeshachimbwa chini yake, na sanda imeshanunuliwa. Tukaambiwa ameteleza bafuni akaanguka vibaya. Twahiri alikuwa akilia. Alilia kwa sauti kubwa, na kila alipoingia mtu aligeuka kumtazama ni nani. Uliliona hilo. Nilikuona ukiliona.

Pazia likafungwa, tukabaki mimi na wewe na yeye. Ulipoifungua leso aliyofunikwa shingoni, mkono wako ulisimama. Palikuwa na alama za vidole. Haikuwa michubuko ya mtu aliyeanguka, ilikuwa vidole, vimekaa pande zote mbili za koo, na ya gumba imezama kuliko zote. Nilikutazama. Wewe hukunitazama. Ulichukua pamba, nyingi kuliko desturi, ukaizungusha pale shingoni, kisha ukasema, "Mwaga maji, Riziki." Nikamwaga. Tukamwosha, tukamtia kafuri, tukamkafini. Tulipotoka nje ndipo uliponinong'oneza: "Lilo kwenye josho, liwate kwenye josho."

Kanuni naijua. Ndiyo ya kwanza uliyonifunza, kabla hujanifunza namna ya kumgeuza maiti ubavu. Mwosha akiona uso umeng'aa, akiona tabasamu, na asimulie, watu wafarijike. Akiona aibu aizike. Kidonda, ugonjwa wa siri, mimba isiyojulikana, hayo yote ni ya maiti na Mola wake, na mwosha anayeyatoa nje amemvua nguo mwenzake asiyeweza kujifunika. Niliipenda kanuni hiyo. Ndiyo iliyonifanya niitake kazi ambayo wasichana wenzangu waliikimbia. Niliona kuna heshima katika kuwa mtu wa mwisho kumwona mwenzako na usiseme.

Lakini alama zile, Bi Mwanakombo, zilikuwa aibu ya nani?

Askari hakuitwa. Mwanamke akiteleza bafuni huitiwa mwosha, haitiwi askari. Mamake Saumu akafika kutoka Vanga, amevuka kivuko cha Likoni na vumbi la safari mwilini, akakuta kaburi limeshamwagiwa maji. Alikuja moja kwa moja kwako. Akakuuliza lile swali ambalo wafiwa wote humuuliza mwosha: "Alikuwaje mwanangu?" Nawe ukamjibu kama ulivyowajibu wote, kwa sauti ile ile laini: "Uso ulikuwa umetulia, mwanangu. Kama mtu aliyelala." Akashukuru. Akaushika mkono wako akaubusu. Nilikuwa nimesimama pembeni na ndoo mkononi, na nilitamani ukuta unimeze. Tulipofika nyumbani ulitaka nikusomee tulipoishia. Nilikusomea. Nakumbuka hata mahali: mpelelezi alikuwa akimhoji mpishi.

Kitabu cha pili kina popo kwenye jalada. Ni cha vitisho. Mwanamke amekufa kwa dhuluma, na kila Alhamisi anatoka kaburini na sanda yake anakwenda kuwakaba wanaume njiani. Bakari alikisoma, akalala taa ikiwaka. Mimi mwanzoni nilicheka. Sanda gani hiyo inayopepea? Sanda hufungwa, na fundo hulifunga mtu mwenye akili. Halafu kicheko kikaniishia. Nimegusa maiti wengi na hakuna hata mmoja aliyenigusa. Watu wa mji huu wanapita mbio makaburini, kisha wanasimama dukani kwa Twahiri kucheka naye akiwapimia sukari. Waandishi wa namna hii wanatufunza kuogopa upande usio na hatari, na watu wanawalipa kwa kazi hiyo.

Hata hivyo kuna mahali mwanamke yule anafika mlangoni kwa mumewe, anagonga. Hapo nilikifunga kitabu. Nilitamani iwe kweli. Alhamisi ile nilikaa nikimngoja Saumu, mimi mtu mzima niliyesoma, nikasikiliza kama duka la Twahiri litagongwa. Halikugongwa. Wafu hawaji, na ndiyo maana walio hai wanaweza kuwafanyia watakalo.

Arubaini yako ilikuwa imepita tu, Twahiri akatuma posa. Unajua wapi? Nyumbani kwako. Amemtaka Zuhura.

Zuhura wako. Mjukuu uliyemlea wewe tangu hajaota meno, aliyekuwa akikaa nasi alasiri akimenya karanga, na damu ikianza kumwagika kitabuni huziba masikio kisha huuliza, "Amekufa tayari?" Mwanao Fatuma, mamake, alifurahi hata akashindwa kuketi. Mwanamume mwenye duka, mtu wa safu ya kwanza msikitini, mgane mpole aliyeonja msiba. Fatuma alinambia mwenyewe, akiwa ameshika sinia la halua, kwamba hii ni baraka ya dua zako. Nilikula ile halua. Sikujua la kufanya nayo mkononi.

Siku hizo ndizo nilizokuwa nikisoma kitabu cha tatu. Hakina picha, jalada lake ni jeusi tu. Kinasimuliwa na muuaji mwenyewe. Anamuua mkewe mwanzoni, kisha anaendelea kuishi. Anasalimiwa, anaalikwa harusini, anatoa sadaka, anazeeka. Kinakwisha hajakamatwa. Bakari alikitupa chini, akasema ni kitabu cha kihayawani, kitabu gani hakina haki mwishoni. Nikamwambia kwamba katika vyote alivyoniletea hicho ndicho pekee kilichoandikwa na mtu aliyewahi kukaa mtaani.

Ila nacho kina dhambi yake, na ni kubwa. Mke hana jina. Mwanzo hadi mwisho ni "mke wangu" na "marehemu mke wangu". Tunajua muuaji anapenda kahawa yenye tangawizi, tunajua viatu vyake vinambana, hata tunamwonea huruma anapougua. Yule mwanamke hatujui alipenda nini. Saumu alipenda embe bichi la chumvi na pilipili. Alikuwa akicheka akifunika mdomo kwa sababu ya jino lililovunjika mbele, na sasa najiuliza lile jino nalo lilivunjwa na nini. Nayaandika haya kwa kuwa hakuna pengine yalipoandikwa.

Nilipokimaliza nilijua kuwa nisiponena nitakuwa nimekiandika mimi kile kitabu. Sikumuuliza sheikh. Niliogopa ataniambia ninyamaze, na niliogopa zaidi ataniambia niseme. Nilivaa buibui nikaenda kwa Fatuma.

Nilimweleza taratibu, kwa heshima, yeye ni mkubwa kwangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanijibu neno moja ambalo sijui kama nitalisahau: "Mamangu alimwosha yule kwa mikono yake. Lau kungelikuwa na neno, mamangu angelisema."

Umeona ulichonifanyia? Kimya chako ndicho kilichotolewa ushahidi. Aliye hai na aliyeona akawa mwongo, na marehemu aliyeficha akawa shahidi wa muuaji. Fatuma hakunipigia kelele. Alinifungulia mlango tu. Habari ikanitangulia kufika kwangu, kwamba Riziki hutoa ya maiti nje. Kwetu hilo ni baya kuliko wizi. Watu wanaweza kumsamehe mwizi, lakini nani atamkabidhi maiti ya mamake mwanamke anayesema aliyoyaona? Msiba wa juzi hapa hapa mtaani wamemwita mwosha kutoka Miritini. Nilikaa ndani nikisikia ndoo zikipita.

Ningeweza kuishia hapo. Wallahi nilitaka kuishia hapo.

Ni Zuhura aliyekuja mwenyewe, jua la saa sita, watu wamelala. Alipitia mlango wa uani, amebeba chungu kana kwamba anakirudisha, ingawa mimi sikuwa nimewaazima. Alisimama pale pale, hakukaa. Alikuwa amesikia yote nyuma ya mlango siku nilipokwenda kwao. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza jambo moja: "Dada Riziki, nyanya naye aliona?"

Nilikuwa na majibu mawili. Ningesema hukuona, kwamba ulikuwa umepinda mgongo upande wa miguu na mimi peke yangu ndiye niliyeona, jina lako lingebaki jeupe. Na Zuhura angerudi nyumbani akaamua kwamba nyanya yake, mwenye macho yale, hawezi kukosa kuona kilichokuwapo, basi hakikuwapo. Angeolewa. Mimi mwenyewe ningesikia mikono ya Twahiri ikipigiwa vigelegele.

Nikamwambia uliona kabla yangu. Nikamwambia kuhusu pamba.

Hakulia. Alikaa chini polepole na kile chungu mapajani. Kisha akasema kwamba kila sikukuu, hata baada ya msiba wa Saumu, Twahiri alikuja kukuamkia, ukamkaribisha kitini, ukamwita yeye Zuhura amletee kahawa. Alisema kahawa ile alikuwa akimtilia kwa mikono miwili, kwa adabu uliyomfunza wewe. Nikamwambia ndiyo, nilikuwapo, nilikuona. Akanyanyuka akaenda.

Jioni ile ile aliwaambia wajomba zake hataki. Hakutoa sababu, hata walipomfungia ndani, hata mamake alipomwapiza. Alirudia tu kwamba hataki, mpaka walipochoka. Posa imerudishwa. Sasa wanasema binti ana kichwa kigumu, nani tena atamchumbia, na mwenye kulaumiwa ni mimi. Nimekubali. Lakini kuna jambo jingine lililovunjika na hilo linaniuma kuliko kazi yangu. Zuhura hataki kusikia jina lako. Mkeka wako ameutoa chumbani mwake. Alikuwa hawezi kulala mahali pengine, na sasa analala sakafuni penye saruji.

Mwosha huoshwa. Ulikuwa ukilisema hilo kama mzaha, nami ndiye niliyelitimiza. Nilikuosha mwenyewe, Fatuma akanipa maji kwa nyuma ya pazia, kwa sababu alisema hawezi kutazama. Nilikugeuza ubavu kama ulivyonifunza. Kuna nilichokiona. Ni cha zamani sana, cha siku za marehemu mumeo, na sitakiandika, hata humu ambamo hakuna atakayesoma. Tangu siku ile najua kwa nini mkono wako uliijua njia ya kwenda kwenye pamba upesi vile. Najua nani aliyekufunza kunyamaza kabla hujanifunza mimi. Nimeelewa, Bi Mwanakombo. Kuelewa si kusamehe, ila nataka ujue nimeelewa. Nilipotoka Fatuma aliniuliza, "Alikuwaje mamangu?" Nikamwambia uso ulikuwa umetulia. Na huo haukuwa uongo, ulikuwa umetulia kweli, na mimi nilikuonea wivu.

Hicho cha mwilini mwako nitakizika nami. Kanuni yako sijaivunja, na wakisema nimeivunja wanasema uongo. Aibu ya maiti ni ya maiti, afunikwe. Lakini vidole vile havikuwa vya Saumu.

Twahiri yupo, mzima, dukani kwake. Nilikwenda kununua chumvi akaniuliza hali yangu vizuri tu, nami nilikuwa nikitazama mikono yake ikifunga karatasi. Anafunga upesi na vizuri. Hakuna mpelelezi atakayeshuka na koti, na hakuna sebule tutakayokusanywa. Nasikia amesitasita kidogo kwa ajili ya maneno ya watu, na sasa anauliza habari za msichana mmoja wa Mikindani, yatima, hana kaka.

Lala salama, mwalimu wangu. Mungu akurehemu, maana mimi bado sijaweza, na nitaendelea kujaribu. Vitabu sitakusomea tena, tafadhali usiningoje. Lakini ahadi nakupa, na hii ni kwa ajili ya yule mama wa Vanga aliyeubusu mkono wako. Kila nyumba Twahiri atakayotuma posa, mimi nitakwenda kubisha hodi. Wakinifukuza mlangoni nitakaa njiani hadi msichana mwenyewe atoke kuchota maji.

Riziki